Anza na Maji: Msitu Yako Ndani ya Bedsita

Kama unaishi bedsita Roysambu ama Pipeline na dirisha yako inaangaliana na ukuta ya ploti ingine, skiza hii. Msitu inatoshea kwa hiyo keja. Naongelea terariamu: sanduku ya kioo, ndani kuna udongo, mawe, mimea, na ka-maporomoko kanashuka mchana na usiku. Wasee wengi hubuy mimea kwanza, alafu maji inapangwa mwisho. Geuza hiyo form. Chora njia ya maji kwanza, zingine zote zitajipanga.

Maji ndio ilianzisha hii story, manze. 1829, daktari wa London anaitwa Nathaniel Bagshaw Ward alifungia pupa ya nondo na udongo mbichi kwa chupa. Kangaga ikaota humo ndani bila kumwagiliwa. Joto ya mchana ilikuwa inapandisha unyevu, inashika kwa kioo, inarudi chini kwa udongo. Baadaye sanduku za hiyo design ndizo zilibeba miche ya chai kutoka China hadi India.

Sasa kioo. Saizi fiti ya keja ni sentimita 60 kwa 30, kimo 40, kioo ya milimita 6. Enda kwa fundi wa vioo na vipimo zimeandikwa. Kama ya mbele na ya nyuma zinasimama juu ya ile ya chini, za kando zinaingia katikati. So upana yao si 30, ni 28.6, juu unatoa milimita 12 za vioo na 2 za silikoni. Mwambie asugue makali. Kioo pekee ni kama kilo 13, na hujaweka jiwe hata moja, so tafta meza imejishikilia.

Silikoni inunuliwe ile hunuka siki, na isiwe ya bafu yenye dawa ya kuvu, juu hiyo dawa huingia kwa maji. Panguza kingo na spiriti, paka mstari moja bila kuachia, shikilia na selotepu, alafu usiguse siku mbili. Bado inanuka siki? Haijaiva. Ikiiva, tandika gazeti kavu chini, jaza maji sentimita 10, ulale. Asubuhi gazeti ikiwa kavu, uko rada.

Kuinua maji, pampu ndogo ya kuzamisha, ya lita 200 kwa saa, inatosha. Ifunge na neti changarawe isiingie, na uache nafasi ya mkono, juu lazima utaiosha. Paipu ipande nyuma ya mawe. Mimi napenda Mazeras, zile mawe bapa watu huweka kwa veranda.

Hapa kwa mawe ndio usikimbie. Maji hupenda kushika tumbo ya jiwe. Ukiliweka sawa kabisa, maji haitadondoka. Itatambaa chini ya jiwe ikirudi nyuma hadi kwa ukuta, iloweshe udongo, na kule chini pampu ibaki kavu iungue. Inamisha mdomo wa jiwe mbele kidogo. Kabla ya kugundisha, mwaga glasi moja ya maji ucheki inaenda wapi. Sogeza, mwaga tena, hadi idondoke penye unataka.

Na stima ikipotea? Maji yote ya kwa paipu hurudi chini, so usijaze hadi juu. Waya nayo ining'inie chini ya soketi kabla ipande, ndio tone idondoke sakafu isiingie kwa stima.

Mimea inafuata maji. Chini penye unyevu weka kangaga na fitonia. Juu, mbali na rasharasha, weka violeti ya Usambara, juu majani zake hazipendi kulowa. Hii maua ni yetu. 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, afisa Mjerumani kule Tanga, aliituma kwao, na leo iko kwa madirisha dunia mzima. Lakini nyumbani kwake ni milima kama Usambara na Taita, kwa mawe ya kivuli. Tafadhali usiing'oe msituni, aina zingine ziko karibu kuisha. Nunua kwa wasee wa nasari kando ya barabara.

Terariamu usiianike juani, kioo itapika kila kitu. Ikiwa na ukungu siku mzima, fungua kifuniko kidogo. Pampu itembee kila siku, juu maji ikisimama mbu wanahamia. Ongeza maji ya mvua ukipata. Ya borehole huacha chokaa nyeupe kwa kioo na mawe.

Kijani si ya Karen na Runda pekee. Na haifai kubaki kwa keja moja: violeti ikishika, kata jani na kikonyo chake, chomeka kwa mchanga mbichi, itatoa watoto. Wa kwanza mpee jirani wa mlango wa pili.