Wino Upo, Printa Imegoma

Umesimamisha malipo ya kila mwezi. Katriji bado ina wino karibu nusu. Unabonyeza kuchapisha CV, wapi! Printa inakataa, na haijaharibika.

HP ilianzisha huduma ya Instant Ink Marekani mwaka 2013, na leo inatumika pia Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Mteja halipii wino, analipia idadi ya kurasa kwa mwezi, na katriji huletewa nyumbani. Akijitoa, katriji hizo zinafanya kazi hadi mwisho wa mwezi aliolipia, kisha printa inazifunga kupitia intaneti. Ni kama bando: muda ukiisha, MB zilizobaki si zako tena.

Sasa, printa za mtumba kutoka huko hufika hapa kwetu. Muuzaji akikuambia "wino umejaa", fungua uangalie. Katriji ikiwa imeandikwa Instant Ink, ihesabu kuwa tupu. Printa yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, ila itahitaji katriji ya kawaida ya HP inayolingana na modeli hiyo. Ulizia bei yake kabla hujatuma pesa.

Na ndugu yako aliye ng'ambo akitaka kujitoa, mwambie kuacha kadi bila salio si kujitoa. Malipo yakikwama, katriji zinaweza kufungwa na deni libaki palepale. Aingie kwenye akaunti yake asitishe huko, na anunue katriji ya kawaida kabla mwezi haujaisha.