Kabla ya Kuhesabu Viti vya Jangwani

Ndugu msomaji, ukipita jioni katika vibaraza vya Kariakoo, kuanzia Mtaa wa Msimbazi hadi kwenye kona ya Twiga na Jangwani, utawakuta wapenzi wa kandanda wakijenga uwanja. Hawana saruji wala nondo. Wana vikombe vya kahawa, sahani ya kashata, na picha iliyomo ndani ya simu ya mmoja wao. Huyu ameufunika uwanja mzima kwa paa. Yule amelibomoa paa hilo papo hapo, kwa hoja kwamba nyasi zitakosa jua. Wa tatu anataka rangi ya njano na kijani mpaka kwenye ngazi. Na yuko aghalabu mzee mmoja aliyekaa pembeni, shabiki wa upande wa pili, ambaye huuliza kwa upole mkubwa kama patakuwa na mahali pa kuegesha mitumbwi.

Kwa msomaji wa mikoani ambaye huenda asiuelewe mzaha huo, inafaa tueleze. Yanga, klabu iliyoasisiwa mwaka 1935, ina makao yake hapo Jangwani, na nyuma ya jengo lake upo uwanja mdogo uitwao Kaunda, kwa heshima ya Mzee Kenneth Kaunda wa Zambia. Mahasimu wao Simba, ambao waliasisiwa mwaka 1936 na kuitwa Sunderland hadi mwaka 1971, wana jengo lao Mtaa wa Msimbazi, mwendo mfupi tu kwa miguu. Kila masika yanapokuwa makali, Uwanja wa Kaunda hugeuka dimbwi, na ndiyo asili ya watani kuwaita Yanga vyura. Lugha nayo ina utani wake: mahali penye maji mengi kuliko pote katikati ya jiji pameitwa Jangwani, na klabu isiyopatwa na mafuriko hayo ndiyo iliyokaa katika mtaa wenye jina la mto.

Shauku ya kujenga uwanja wa kisasa hapo Jangwani si ya jana. Mwaka 2012 Yanga ilitiliana saini makubaliano na BCEG, kampuni ya Kichina iliyoujenga Uwanja wa Taifa wa Temeke, ili kuangalia uwezekano wa mradi huo. Uwanja haukujengwa. Katika miaka ya karibuni jambo hili limefufuliwa tena, na pamoja nalo zimefufuka hoja zote za vibarazani: viti vingapi, paa la namna gani, jina la nani. Hoja mojawapo nzito ni ile ya njia ya riadha. Uwanja wa Temeke, uliofunguliwa mwaka 2007 na tangu mwaka 2020 ukaitwa kwa jina la Rais Benjamin Mkapa, una viti 60,000 na njia ya kukimbilia inayouzunguka. Kwa ajili ya njia hiyo mtazamaji hukaa mbali na mstari wa pembeni, na wapenzi wengi wangependa uwanja ambao kocha akigeuka anaziona nyuso zao. Hoja hiyo ni ya haki, na sina la kuiongeza. Kuhusu rangi za viti, tuwaachie wenyewe wapigane.

Lakini katika mabishano yote hayo ni mara chache nimesikia mtu akiuliza kuhusu njia ya kutokea. Uwanja wa michezo, ukiutazama vizuri, ni chombo cha kujaa na kumwagika. Hujaa watu kwa saa tatu, na humwagika kwa nusu saa. Bonde la Jangwani nalo ni chombo cha namna hiyo hiyo, ila linalojaa humo ni maji. Anayetaka kukiweka chombo kimoja ndani ya kingine hana budi kuonyesha kwanza kila kimoja kitamwagikia wapi.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyotangulia kufika. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, ukapita katika vitongoji vingi vya jiji hili, ukapokea mitaro yao na taka zao, na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Sehemu yake ya chini ni tambarare. Mchanga unaochukuliwa kutoka juu hutuama hapo na kuinua kitako cha mto mwaka baada ya mwaka, hata mvua ambayo zamani ingepita kwa adabu sasa hutambaa mpaka milangoni. Mpango mkuu wa jiji wa mwaka 1979 ulikwisha kulihesabu bonde hili kuwa ardhi ya hatari isiyofaa kwa makazi. Watu walijenga hata hivyo, kwa kuwa mtu maskini huishi pale anapopata. Desemba 2011 mvua ilinyesha kwa namna ambayo haikuwa imeonekana tangu miaka ya 1950. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha katika jiji hili, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalianza kazi yakiwa na kituo chao kikuu hapo hapo Jangwani, na haikuchukua muda kituo hicho nacho kikazama, mabasi na ofisi zikiwa zimesimama majini. Ukiona hata serikali imeonjeshwa na bonde hilo, klabu ya mpira haina sababu ya kudhani itasamehewa.

Jibu linalotolewa vibarazani ni rahisi: jaza kifusi, inua ardhi, kisha jenga. Hebu tulifikiri jibu hilo kama tunavyofikiri mambo ya nyumbani. Ukitumbukiza jiwe kubwa ndani ya beseni lililojaa, jiwe litakaa salama chini, ila maji yatamwagika sakafuni. Kifusi cha Jangwani ni jiwe hilo. Maji yaliyokuwa yakipumzika mahali pa uwanja hayatarudi Pugu. Yatatafuta mahali pengine pa chini, na mahali pa chini ni Suna, ni Mkwajuni, ni Hananasif, yaani vyumba ambamo watoto wamelala. Wengi wa waliolala humo ni wapenzi wa Yanga hiyo hiyo. Kwa hiyo mama mwenye chumba Hananasif, hata kama hajapata kuingia uwanjani maishani mwake, anahusika na mchoro huo sawa na mwanachama mwenye kadi.

Wahandisi wanayo njia ya pili, nayo ni ya kuliacha jengo lisimame kwa miguu. Mpango wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, unafuata fikra hiyo kwa upande wa barabara: daraja refu na la juu hapo Jangwani, ili mto upite chini na Barabara ya Morogoro isifungwe kila masika, pamoja na kuondoa nyumba zilizo katika hatari, kuchimba mkondo na kuacha sehemu ya bonde iwe bustani ya wananchi. Majukwaa ya uwanja yanaweza kusimama kwa nguzo kama daraja. Kiwanja chenyewe cha kuchezea ndicho chenye taabu. Nyasi haziwezi kuning'inizwa hewani ila kwa gharama kubwa, na zikiwekwa chini zitalala majini. Hili ndilo swali gumu la mradi mzima, na picha nzuri ya simu haiwezi kulijibu.

Wala tusidhani kwamba ujuzi wa namna hii ni wa ng'ambo tu. Mtu anayekunywa kahawa Kariakoo na kuinua macho analiona paa la Soko Kuu, kazi ya Ndugu Beda Amuli, miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wasanifu wa majengo. Soko lile lilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Amuli hakulifunika kwa bati la mgongo wa tembo. Alilifunika kwa miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, inayoikusanya mvua na kuishusha hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi, huku upepo ukipita katikati na kuwapoza wauza mchicha. Moto wa Julai 2021 uliliunguza vibaya soko hilo, likalazimika kufanyiwa ukarabati mkubwa. Lakini fikra iliyolizaa haikuungua: mtu alijua mvua itanyesha, akaipangia mahali pa kwenda kabla hajachora kitu kingine. Mimi hushangaa kwamba wabishi wetu hukaa mita chache kutoka kwenye jengo hilo, wakatafuta mifano Dubai.

Hata Colosseum ya Roma, ambayo kila anayechora uwanja wa duara anaiiga apende asipende, ilijengwa bondeni, mahali palipokuwa na ziwa lililochimbwa kwa amri ya Mfalme Nero. Warumi walilikausha ziwa, wakazika mifereji mikubwa chini ya msingi, ndipo wakapandisha kuta. Kisha wakaweka matao 80 ya kuingilia na kutokea, na yale ya watu wa kawaida wakayaandika namba, ili kila mtu arudi kwa mlango aliojia. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 80. Miaka hii yote baadaye, ziko nchi zinazofungua milango mitatu kati ya kumi kwa sababu mwenye funguo hajulikani alipo.

Hapo ndipo tunapofika kwenye maji ya pili, yaani watu. Tarehe 21 Machi, 2021, wananchi walipofurika Uwanja wa Uhuru kuuaga mwili wa Rais John Magufuli, msongamano uliua watu 45 kwa hesabu ya polisi, nao ni uwanja ule ule wenye kumbukumbu tukufu za mwaka 1961. Tarehe 28 Mei, 2023, siku ya mchezo wa fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger kwenye Uwanja wa Mkapa, mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa katika kusukumana. Huko Sheffield, Uingereza, mwaka 1989, wapenzi 97 wa Liverpool walipoteza maisha kwa kubanwa nyuma ya uzio, na ndipo viwanja vikubwa vya nchi ile vikaondoa uzio na kuweka viti kila mahali. Katika misiba yote hiyo hapana aliyeuawa na ubovu wa nyasi wala uchache wa taa.

Na hapa, ndugu msomaji, naomba niwageukie akina mama na akina baba wenye watoto, maana ukurasa huu ni wenu. Mabishano ya uwanja yamekuwa ya wanaume wanaokwenda peke yao na kurudi kwa miguu usiku. Mchoraji akiwasikiliza hao tu, atachora uwanja wa hao tu. Baba anayetaka kumpeleka binti yake wa miaka tisa kuitazama timu ana maswali mengine kabisa. Kuna lango la familia, au atambeba mabegani katika lango la wote? Vyoo vya wanawake viko vingapi, na viko upande gani wa ngazi? Mvua ikinyesha kipindi cha pili, barabara ya kutokea itapitika, au watu makumi ya maelfu watasimama gizani baina ya ukuta na mto? Swali hili la mwisho ni la Jangwani peke yake. Chamazi, ambako Azam wana uwanja wao wa viti kama 10,000, halipo. Bunju, ambako Simba walifungua viwanja vyao vya mazoezi mwaka 2019, pia halipo. Watu hucheka udogo wa Chamazi na umbali wa Bunju. Lakini umbali una dawa, ndiyo daladala. Maji yaliyokuzunguka saa mbili usiku ukiwa na mtoto mkononi hayana dawa.

Sisemi kwamba Yanga wasijenge kwao. Kuna haki kubwa katika kutaka kujenga mahali ambapo klabu ilikulia, na Kariakoo bila mpira haitakuwa Kariakoo. Rai yangu ni kwamba udogo usionewe haya. Uwanja wa viti vichache, ulioinuliwa kwa nguzo upande wa juu wa eneo na kuliacha bonde lipumue, ungejaa kila juma, wakati ule wa Temeke hubaki na viti vitupu katika michezo mingi ya ligi. Na kama wataalamu wa mto watasema hata huo haufai, basi makao, makumbusho na kiwanja cha watoto vibaki Jangwani, uwanja mkubwa uende penye mlima. Hapo Kidongo Chekundu, upande wa pili wa Kariakoo, pana mfano mdogo wa jinsi ardhi ya katikati ya jiji inavyoweza kutumika: tangu mwaka 2015 vipo viwanja vya vijana vilivyopewa jina la Rais Kikwete, vya mpira wa miguu na wa kikapu. Havina jukwaa la kutisha. Vina watoto.

Picha zinazozunguka mikononi huuonyesha uwanja mpya usiku, umewashwa taa, umetazamwa kutoka angani. Katika hizo nilizopata kuziona, mto hauonekani; mahali pake pamepakwa kijani kibichi. Siku mchoro halisi utakapoletwa mbele ya wanachama, ni halali yao, kabla ya kupiga makofi, kumwomba mchoraji aweke kidole chake mahali Msimbazi unapopita mwezi wa Aprili, na kidole cha pili mahali mama mwenye mtoto atakapotokea.