Kilwa Kisiwani kwa jicho la fundi chokaa

Ukisimama kwenye gati la Kilwa Masoko asubuhi, kisiwa kiko mbele yako, kilomita 2 hivi ng'ambo ya maji, na boma la Gereza unaliona kwa macho matupu ufukweni. Boti ya mashine huvuka ndani ya robo saa. Mashua ya tanga ni kadiri ya upepo. Wageni wengi huihesabu safari hiyo kuwa usafiri tu, na kwao ziara huanza mguu ukigusa mchanga. Mimi nimeishi na kazi ya kukarabati majengo ya mawe ya pwani, na kila ninayevuka naye namwomba aianze ziara ndani ya boti. Karibu kila kitu kilichojenga mji ule kilitoka kwenye maji haya na kingo zake: jiwe, chokaa, boriti. Anayeyajua maji ataanza kuzielewa kuta.

Mambo ya kibali ni mepesi. Pitia kwanza ofisi inayosimamia magofu, palepale Masoko, ukate kibali na upatiwe mwongozaji, kisha ndiyo mshuke gatini. Beba maji ya kunywa na kofia, vaa nguo za heshima, maana kisiwani kuna kijiji cha watu na makaburi ya wazee wao. Na ulize saa ya maji. Siku za bamvua bahari hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Ukifika maji yamekupwa utashukia mbali na nchi kavu, suruali imekunjwa, viatu mkononi.

Mkiwa katikati ya safari, tazama jinsi mlango wa bahari ulivyokaa. Maji yana kina na mawimbi ya bahari kuu hayafiki ndani. Jahazi lililotoka Uarabuni au Ghuba kwa upepo wa kaskazi liliweza kufika hapa, likauza na kununua, na bado likawahi kusi la kurudi nalo. Kwenda mbele zaidi hadi Sofala, ambako dhahabu ya bara la Zimbabwe ilishukia pwani, kulihitaji muda ambao nahodha wa mbali hakuwa nao. Kilwa ikakaa hapo katikati. Ilipokea dhahabu na pembe za ndovu kutoka kusini, ikatoza ushuru, ikauza kwa wanaokuja na nguo, shanga na kauri. Sarafu za shaba ziligongwa hapahapa kisiwani, jina la sultani upande mmoja na sifa za Mungu upande wa pili, maneno ya pande zote mbili yakioana kwa vina. Sarafu moja ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari.

Boti hutia nanga karibu na Gereza. Jengo unaloliona ni la Waomani, la kadiri ya mwaka 1800, limesimama mahali pa ngome ya Wareno waliouteka mji mwaka 1505 na kuondoka mwaka 1512. Upande wa baharini umeanguka. Usikae sana hapo kwa sasa. Nitarudi kwenye anguko hilo.

Njiani kuelekea Msikiti Mkuu, mwongozaji atakusimulia kisa cha nguo. Ali bin al-Hasan, mwana wa Shiraz, alikinunua kisiwa kwa nguo ndefu ya kukizunguka chote. Kisa hiki kimo katika tarikh ya kale ya Kilwa, na nimekisikia kwa sauti nyingi, kila mtu na ladha yake. Wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Neville Chittick aliyechimba hapa miaka ya 1960, walikuta chini ya mawe tabaka za nyumba za miti na udongo, ishara kwamba watu walikuwa wanaishi hapa kabla ya masultani. Mimi sioni sababu ya kumkatiza msimulizi. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya biashara ya pwani na bara, na kisa kimelihifadhi jambo hilo vizuri kuliko vitabu vingi. Ila uliza pia, kwa adabu, waliouza kisiwa walikuwa akina nani. Mwongozaji mzaliwa wa kisiwa huwa na jibu refu, na ndilo linalofaa kusikilizwa.

Sasa msikiti wenyewe. Waongozaji wengi wamezoea kutaja karne na majina na kusonga mbele, kwa kuwa wageni wengi hawaulizi zaidi. Wewe omba mkae. Nenda mahali lipu imebanduka, usogee mpaka pua ikaribie ukuta, bila kugusa. Utaona mawe ya aina mbili. La kwanza ni zito, limejaa mashimo na makali, limepangwa kubwa kwa dogo bila umbo maalumu, na chokaa imejazwa katikati. Hilo ni jiwe la mwamba wa matumbawe ya kale, lililochimbwa nchi kavu. La pili utalikuta kwenye kingo za milango, kwenye matao na kwenye mihrabu. Ni jepesi, punje zake ndogo na za kulingana, na limechongwa kwa pembe zilizonyooka. Hilo lilikatwa likiwa hai chini ya maji. Tumbawe la aina hiyo likitoka baharini huchongeka kwa tezo, lakini likikaa juani na kwenye upepo linakakamaa. Mchongaji hakuwa na siku nyingi. Kila mstari ulionyooka pale mihrabuni ulichongwa na mtu aliyekuwa akishindana na jua.

Chokaa nayo ni matumbawe yaleyale. Yalivunjwavunjwa, yakapangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa mpaka hewa ya kaboni iliyofungwa ndani itoke. Kinachobaki ni bonge jeupe, jepesi, lenye kiu. Ukilimwagia maji linachemka, linafuka mvuke na kuporomoka kuwa unga. Fundi anayejua kazi huiacha chokaa ikae na maji kwa muda mrefu kabla ya kuitumia, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika na kunata. Ikishapakwa ukutani huanza kuirudisha polepole ile hewa iliyoipoteza motoni, mpaka inarudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta wa Kilwa ni tumbawe lililoshikwa na tumbawe, na ndiyo maana umesimama miaka mia kadhaa kando ya chumvi.

Kisha inua macho. Kwenye magofu ya nyumba, mahali dari ilipokuwa imelala, utaona safu ya mashimo yaliyopishana kwa nafasi sawa. Humo zilikaa boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ni ngumu na mchwa hawaipendi, lakini ina urefu wake, na ukiizidisha inapinda kwa uzito wa dari ya mawe na chokaa. Hiyo ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani, kutoka Kilwa hadi Lamu, ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita 2 na nusu hadi 3 hivi. Tajiri wa Kilwa aliweza kununua kauri ya China. Boriti ndefu kuliko mkoko ulivyoumbwa hakuweza kuinunua kwa dhahabu yoyote.

Katika shimo moja la namna hiyo niliwahi kuingiza mkono kwa sababu ya kazi. Boriti ilishaoza zamani sana, lakini chokaa iliyoizunguka ilikuwa imeshika kila kitu chake: mikunjo ya gome, kifundo cha tawi lililokatwa, hata mfuo mdogo mahali shoka lilipoteleza. Nilikaa na vidole mle ndani muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Ukilijua hilo la boriti, Msikiti Mkuu unafunguka. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, mwanzo wake ni karne ya 11, na dari yake ilikuwa tambarare, imebebwa na nguzo 9. Mwanzoni mwa karne ya 14 al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana upande wa kusini kwa matao na kuba. Kuba na tao ndiyo njia ya fundi ya kuikimbia boriti: jiwe linabebana na jiwe lenzake, na uzito unashuka kwenye nguzo. Lakini ni kazi isiyosamehe. Upanuzi ule ulianguka, na katika karne ya 15 ulijengwa upya kwa nguzo za pembe 8, ambazo ndizo unazotembea katikati yake leo. Mimi nikisimama pale huwafikiria mafundi wa mara ya pili. Walijua kwamba wenzao walishindwa, wakalirudia jambo lilelile kwa hesabu bora. Jirani yake, msikiti mdogo wa makuba, ni mtoto wa ujuzi huohuo: vyumba 9, tatu kwa tatu, na mabakuli ya rangi yaliyopachikwa juu kama pambo.

Hapa wageni huuliza kuhusu Ibn Battuta. Alifika mwaka 1331, wakati wa al-Hasan huyohuyo, akausifu mji kwa uzuri wake, na akaandika kwamba umejengwa kwa miti. Wengine huona amekosea, kwa kuwa mawe yapo. Sidhani. Mji wa mawe wa pwani haukuwa wa mawe matupu. Nyumba za miti, udongo na makuti zilikuwa nyingi, na mpaka leo ukitoka msikitini hatua chache unazikuta, watu wanaishi ndani yake. Jiwe lilidumu, na kwa kuwa lilidumu tukadhani ndilo lililokuwa mji wote.

Utaona pia viraka vya ukarabati vya rangi tofauti. Uliza vimetengenezwa kwa nini. Nikiwa kijana katika kazi hii, kwenye msikiti mmoja wa zamani mahali pengine pwani, tuliambiwa tuzibe viungo vya ukuta kwa saruji, kwa kuwa ina nguvu. Ina nguvu kweli, na hilo ndilo tatizo. Ukuta wa matumbawe hupitisha unyevu wa mvua na wa ardhini, na njia ya kutokea ni chokaa. Saruji ikiziba njia hiyo, unyevu hutokea kwenye jiwe lenyewe. Maji yanakauka, chumvi inabaki, fuwele zake zinakua ndani ya vitundu vya jiwe na kulipasua. Baada ya masika mawili saruji yetu ilikuwa imesimama peke yake kama wavu, na mawe nyuma yake yamekuwa unga. Niliukinga unga ule kwa kiganja. Tangu siku hiyo, nikiona mfuko wa saruji karibu na ukuta wa kale sinyamazi.

Husuni Kubwa iko mbali kidogo na magofu mengine, upande wa mashariki, juu ya jabali linalotazama bahari. Waweza kwenda kwa miguu. Kama maji yamejaa, mwombe nahodha awapeleke kwa boti, mpande kutoka ufukweni. Jumba hili lilijengwa lifikiwe kutoka baharini, na ngazi ya kushukia ufukweni ilikuwepo. Ni la al-Hasan bin Sulaiman. Jina lake lilikutwa humo kwenye jiwe lililochongwa maandishi. Lina vyumba zaidi ya 100, birika la kuogea la pembe 8, na upande wa kusini ua uliozungukwa na maghala. Sultani alikaa na bidhaa zake chini ya dari moja. Ukipita chumba hadi chumba, pima upana kwa hatua zako. Hata mtu aliyeweza kujenga jumba la namna hiyo alilala chumba cha upana wa boriti.

Kurudi gatini mtapita tena Gereza, na sasa simama upande ule ulioanguka. Bahari iliyotoa jiwe na chokaa inavila tena. Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara ziliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya kuta zinazoporomoka na ufukwe unaomegwa na mawimbi. Kazi nyingi ilifanyika, kuta zikaimarishwa, mikoko ikapandwa, na mwaka 2014 zikaondolewa kwenye orodha hiyo. Mkoko ambao zamani ulikatwa kuwa boriti sasa unapandwa uishike pwani. Mawimbi hayajaacha kazi yao. Kwa hiyo usipande juu ya kuta kupiga picha, wala usiokote kigae au sarafu, hata kama imelala njiani imekukodolea macho.

Mara ya mwisho nilivuka na mwongozaji mzee, mzaliwa wa pale. Nilipomwamkia shikamoo alinishika mkono akanipeleka Makutani, kwenye kuta za ikulu ya baadaye ya masultani, akaingiza kidole cha shahada kwenye ufa. "Fundi, tazama," akasema. "Mwaka jana kilikuwa kinakwama hapa kwenye kucha. Sasa kinaingia mpaka pingili ya kwanza."

Sisi mafundi hupima ufa kwa kubandika donge dogo la lipu juu yake na kuandika tarehe. Lipu ikipasuka, ufa uko hai. Nilichanganya chokaa kidogo kwenye kifuu, nikabandika, nikaandika siku na mwezi kwa ncha ya msumari. Mzee akaitazama tarehe, akaisoma kwa sauti, akaniambia kila mgeni atakayemleta atampitisha hapo kwanza.