Kampuni Iko Wyoming, Akaunti Iko Wapi?

Mwaka 1977 kampuni ya mafuta ya Hamilton Brothers ililishawishi Bunge la jimbo la Wyoming kupitisha sheria ambayo hakuna jimbo jingine la Marekani lililokuwa nayo. Ilitaka aina mpya ya kampuni: biashara ikifilisika, mwenyewe asinyang'anywe nyumba yake, na faida ikipatikana, isikatwe kodi mara mbili. Ndivyo ilivyozaliwa LLC. Kwa zaidi ya miaka kumi haikuvuma. Mwaka 1988 mamlaka ya kodi, IRS, ilikubali kuitoza kodi kama ubia wa kawaida, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. Delaware ilijiunga mwaka 1992.

Leo mtu aliye Mwanza au Mombasa anaweza kumiliki LLC ya Wyoming bila kukanyaga Marekani. Ada ya usajili ni dola 100, na ripoti ya kila mwaka inaanzia dola 60. Sharti kubwa ni kuwa na wakala aliyesajiliwa, yaani mtu au kampuni yenye anwani ndani ya jimbo, wa kupokea barua za serikali na za mahakama. Uraia wa mwenye kampuni hauulizwi. Mwaka 2016 kampuni ya malipo ya Stripe ilianzisha Atlas, huduma ya kumsajilia mgeni kampuni Delaware akiwa nyumbani kwake, na tangu hapo biashara ya kusajilia wageni kampuni za Kimarekani imenawiri. Matangazo yake yamejaa kwenye simu za vijana wa Afrika Mashariki wanaotengeneza programu, kuhariri video au kuuza mafunzo mtandaoni.

Jambo ambalo matangazo hayo hulipitia haraka ni benki. Na kama sehemu ya mapato ya kampuni inaingia kwa kripto, hulipita kimya kabisa.

Ugumu wa kufungua akaunti una historia. Tangu sheria ya usiri wa benki ya mwaka 1970, ambayo licha ya jina lake inazilazimisha benki kutoa taarifa serikalini, benki za Marekani zimekuwa askari wa mstari wa mbele dhidi ya utakatishaji fedha. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, sheria ya mwaka 2001 iliongeza wajibu wa kumthibitisha kila mteja kabla ya kumfungulia akaunti. Kisha Mei 2018 kanuni mpya ilianza kutumika: kampuni inapofungua akaunti, benki lazima imjue kila mmiliki manufaa, yaani mtu halisi aliye nyuma ya kampuni, mwenye asilimia 25 au zaidi, pamoja na mtu mmoja anayeiongoza. Kwa hiyo pasipoti ambayo msajili wa Wyoming hakuitaka, benki itaitaka, pamoja na uthibitisho wa makazi, cheti cha usajili, mkataba wa ndani wa kampuni na namba ya mlipakodi iitwayo EIN.

Namba hiyo hutolewa bure na IRS kwa Fomu SS-4. Asiye na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani wala namba nyingine ya mlipakodi wa huko hawezi kuiomba mtandaoni. Hupiga simu, hutuma faksi au posta, na katika mstari wa 7b, unaodai namba ya mhusika mkuu, huandika neno moja tu la Kiingereza, "Foreign", yaani mgeni. Wapo wanaotozwa mamia ya dola kwa kazi hiyo ya ukurasa mmoja.

Kripto ilikuja na balaa lake. Kwa miaka kadhaa kampuni za sarafu za kidijitali Marekani zilitegemea benki mbili hasa: Silvergate ya California na Signature ya New York. Kila moja ilikuwa na mtandao wake wa kuhamisha dola kati ya wateja usiku na mchana, hata Jumapili. Novemba 2022 soko la kripto la FTX lilianguka, na wateja wakakimbilia fedha zao. Amana za wateja wa kripto ndani ya Silvergate zilishuka kutoka dola bilioni 11.9 hadi bilioni 3.8 katika miezi mitatu. Machi 8, 2023 ikatangaza kwamba inafunga kazi. Siku mbili baadaye ilianguka Silicon Valley Bank, ambayo haikuwa benki ya kripto lakini ilikuwa imehifadhi dola bilioni 3.3 za Circle, kampuni inayotoa sarafu ya USDC. Wikiendi ile USDC, inayotakiwa kuwa sawa na dola moja siku zote, iliuzwa chini ya senti 90. Jumapili, Machi 12, serikali ikaifunga Signature.

Wasimamizi walikuwa wameshaonya. Januari 3, 2023 Benki Kuu ya Marekani na taasisi mbili nyingine za usimamizi zilitoa tamko la pamoja kuhusu hatari za kripto kwa mabenki. Mwezi huohuo Benki Kuu iliikatalia Custodia, benki ya Wyoming iliyoanzishwa na Caitlin Long, akaunti ya moja kwa moja kwenye mfumo wake wa malipo. Wyoming, iliyowapa walimwengu LLC, ilikuwa imetunga mwaka 2019 sheria ya benki maalumu za mali za kidijitali, na Custodia ilikuwa tunda la sheria hiyo. Ilikuwa imeshakwenda mahakamani, na Machi 2024 jaji akaamua kwamba Benki Kuu hailazimiki kuifungulia akaunti. Nyaraka zilizotolewa hadharani Februari 2025 zikaonyesha kwamba FDIC, shirika la bima ya amana, lilikuwa limeziandikia benki kadhaa kuzitaka zisimamishe shughuli zao za kripto.

Upepo ukageuka mwaka huohuo. Machi 2025 msimamizi wa benki za kitaifa na FDIC waliondoa masharti ya kuomba ruhusa kwanza, na Aprili Benki Kuu ikafuata. Julai ikasainiwa sheria ya sarafu thabiti, yaani za aina ya USDC, iitwayo GENIUS, na Agosti ikaja amri ya rais inayowaelekeza wasimamizi kuzuia benki zisimkatae mteja kwa sababu tu ya biashara yake halali. Mabadiliko haya ni ya kweli na yana faida, lakini yasimlevye mtu. Yamemlegezea masharti mwenye benki. Hayakumlazimisha ampokee mgeni anayeishi maelfu ya kilomita mbali, ambaye kampuni yake haina ofisi, haina mfanyakazi wala mteja ndani ya jimbo ilimosajiliwa. Huyo bado ni mteja wa gharama kubwa kumchunguza na wa faida ndogo kumhifadhi.

Ndiyo sababu wageni wengi huishia kwenye kampuni za teknolojia ya fedha, maarufu zaidi ikiwa Mercury ya San Francisco. Hapa msomaji asimame kidogo. Mercury si benki, na yenyewe inasema hivyo. Fedha za wateja wake hukaa kwenye benki washirika. Msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu mpango kama huo: salio la M-Pesa halikai kwenye kampuni ya simu, linakaa kwenye akaunti za udhamini ndani ya benki za biashara. Mpango huu unafanya kazi vizuri mradi daftari la mtu wa kati na daftari la benki yanalingana.

Yasipolingana, huwa kama ilivyokuwa Mei 2024. Synapse, kampuni iliyokuwa ikiunganisha programu za fedha na benki, ilikuwa imefilisika mwezi uliotangulia, na zaidi ya watu 100,000 wakafungiwa nje ya akiba zao. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, Jelena McWilliams, aliyewahi kuongoza FDIC, alikadiria pengo kati ya fedha zilizopo na zinazodaiwa kuwa dola milioni 65 hadi 96. Bima ya FDIC ya dola 250,000 kwa mteja haikuwasaidia, kwa kuwa hulipa benki ikianguka, si mtu wa kati akianguka. Kabla ya kuweka mtaji mahali, mwenye kampuni anapaswa kujua kwa jina ni benki gani inayoushika.

Halafu kuna suala la nchi anakoishi. Mwaka 2024 Mercury ilitangaza kuacha kuhudumia wateja walioko katika nchi kadhaa, Nigeria na Ukraine zikiwemo. Watu waliokuwa na kampuni halali na wateja halali walijikuta wakitafuta pa kuhamishia fedha. Benki hutazama pia orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopima juhudi za nchi dhidi ya fedha haramu. Tanzania iliingia humo Oktoba 2022 na kutoka Juni 2025. Kenya iliingia Februari 2024. Kuwa humo hakumfanyi mwananchi mhalifu, ila maombi yake yatasomwa kwa jicho kali zaidi, na si haki kumwambia mtu vinginevyo.

Sasa, fomu yenyewe ya kuomba akaunti. Sehemu nyingi ni za kujaza na kupita. Inayoamua ni kisanduku kinachotaka maelezo ya biashara, kikifuatiwa na swali kama kampuni inahusika na mali za kidijitali. Wengi huandika "teknolojia" na kujibu hapana, wakiamini wameepuka shari. Miezi michache baadaye dola zinaingia kutoka soko la kripto, mfumo wa benki unaziona, na maelezo ya mwanzo yanageuka ushahidi dhidi ya mwenyewe.

Tofauti ambayo mwombaji anapaswa kuielewa ni hii. Chukua mfano wa LLC inayotengeneza tovuti, ambayo wateja wake wawili hulipa kwa USDC. Hiyo ni kampuni ya tovuti inayopokea malipo kwa kripto. Maelezo yake yanaweza kuandikwa wazi: huduma ni hii, wateja wako Marekani na Ulaya, takriban dola 4,000 kwa mwezi huingia kwa USDC, huuzwa kwenye soko lenye leseni kupitia akaunti yenye jina la kampuni, na dola huja hapa. Ofisa wa benki akisoma hivyo ana kitu cha kukagua. Ankara zipo, anwani za pochi za kripto zipo, jina la upande mmoja linalingana na la upande wa pili.

Kampuni inayowanunulia au kuwauzia watu wengine kripto ni habari nyingine kabisa. Tangu mwongozo wa Machi 2013, FinCEN, kitengo cha Wizara ya Fedha ya Marekani kinachofuatilia uhalifu wa kifedha, huihesabu kuwa kampuni ya kuhamisha fedha. Lazima ijisajili ndani ya siku 180, iwe na mpango wa kuzuia utakatishaji na, katika majimbo mengi, leseni pia. New York ina leseni yake ya kripto tangu 2015. Kuendesha biashara hiyo bila usajili ni kosa la jinai, na kifungo chake hufika miaka mitano. Yule anayebadilishia marafiki sarafu ya kripto ya USDT kwa M-Pesa na kupitisha dola kwenye LLC yake huenda hajui kwamba ameshaingia kwenye kundi hili. Hata kabla ya sheria kumfikia, dola kutoka kwa wageni wasiohusiana na ankara yoyote zitatosha kufunga akaunti.

Na ikifungwa, asitegemee maelezo. Benki inaposhuku muamala hupeleka taarifa FinCEN, na sheria inaikataza kumwambia mteja kwamba imefanya hivyo. Kwa hiyo ofisa wa huduma kwa wateja anayejibu kwa sentensi mbili zilezile huenda si jeuri. Huenda amefungwa mdomo. Hii ni sababu tosha ya mwenye kampuni kuwa na akaunti mbili katika taasisi mbili zisizotumia benki mshirika mmoja, na kuhifadhi nakala za ankara na mikataba nje ya mfumo wa benki.

Nyumbani nako sheria zinakaza. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi haziruhusiwi nchini, lakini tangu Julai 2024 sheria ya fedha inatoza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali. Kenya ilipitisha mwaka 2025 sheria ya watoa huduma za mali hizo. Kampuni kuwa Wyoming hakumwondolei mmiliki wajibu wake kwa mamlaka ya kodi ya nchi anayoishi.

Mkanganyiko mwingine unawagharimu watu fedha. Sheria ya mwaka 2021 ilizitaka kampuni nyingi kuwasilisha FinCEN taarifa za wamiliki manufaa, kuanzia Januari 2024. Machi 2025 kampuni zilizosajiliwa ndani ya Marekani ziliondolewa wajibu huo, hata zikimilikiwa na mgeni. Anayedai malipo leo kwa kuwasilisha taarifa hiyo kwa LLC ya Wyoming anauza kitu kisichohitajika.

Kinachohitajika, na ambacho wauza vifurushi vya usajili hukisahau mara kwa mara, ni Fomu 5472. Tangu mwaka wa kodi 2017, LLC inayomilikiwa na mgeni mmoja lazima iwasilishe fomu hiyo kila mwaka inapokuwa na muamala na mmiliki wake, hata kama haidaiwi kodi hata senti. Mtaji wa kwanza aliouingiza unahesabika; fedha alizotoa kujilipa zinahesabika pia. Kuikosa kuna faini ya dola 25,000. Huambatanishwa na Fomu 1120 yenye maandishi juu yake kwamba kampuni ni ya mgeni, na haipokelewi mtandaoni: hutumwa kwa faksi au kwa posta hadi Ogden, Utah, kabla ya Aprili 15 kupita.