Postikodi inaishia kata, mzigo unaendelea mlimani

Tarakimu mbili za mwisho ndizo zilizoninyima raha. Katika postikodi ya Tanzania, tarakimu ya kwanza ni kanda, ya pili mkoa, ya tatu wilaya, na mbili za mwisho ni kata. Namba inakomea hapo. Mjini, kata unaweza kuizunguka kwa miguu asubuhi moja. Katika misitu ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kata ni mabonde, mashamba ya chai, mito na vitongoji vilivyotawanyika miteremkoni. Wakazi wake wote wana tarakimu tano zilezile, zinazoanza na 21 ya Tanga.

Anayeijua safari iliyobaki baada ya tarakimu hizo ni dereva mmoja wa bodaboda anayepanda kutoka Muheza mjini kwenda Amani. Akipanda, anabeba vifurushi, vipuri, dawa za kuku na sare za shule. Akishuka, iliki, karafuu na pilipili manga. Anasema hakuna mteja aliyewahi kumtajia postikodi. Wanachomuuliza ni kama anamjua fulani.

Nilimwomba anielekeze kwa bibi mmoja mkulima wa iliki. Unaanzia njia panda ya shamba la chai, akasema, unashuka hadi kwenye mti mkubwa wa msambu, ule ambao watu huokota mbegu zake kuuza zikakamuliwe mafuta. Pikipiki inabaki hapo; masika inabaki mbali zaidi. Kijito unakivuka kwa mawe, maana gogo limeoza. Ukiisikia mashine ya kusaga mbele yako, umepitiliza, rudi. Nyumba yenye bati jipya ni ya mwanawe. Ya bibi iko nyuma yake, chini kidogo, mlango unatazama bondeni.

Hakuna alama aliyoitaja bure. Msambu una faida, kwa hiyo hutarajii kuukuta umekatwa. Mashine inasikika hata ukungu ukifunika kila kitu. Mlango unaotazama bondeni unakuambia upige hodi upande upi. Maarifa haya yote yamo kichwani mwa mtu mmoja, na hayajaandikwa popote.

Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa Februari 2022 kuelekea Sensa ya Agosti mwaka huo, ilikusudia kuliziba pengo hili: barabara ipewe jina, nyumba ipewe namba, witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Utaratibu huo unaufaa mtaa wenye pande mbili. Njia ya mlimani ina ukingo juu na korongo chini. Dereva anauliza: nyumba inayofikiwa kwa njia mbili ihesabiwe katika ipi? Mvua zikiikata njia na watu wakapasua nyingine, namba zinahama nayo?

Kuhusu majina ana msimamo mkali. Njia iitwe kwa kitu ambacho watu wenyewe hukitaja wanapoelekezana, wala si kwa kiongozi ambaye hajawahi kuipita. Namuunga mkono. Jina asilolitumia mtu halimfikishi mtu.

Anachokihofia zaidi ni simu za usiku. Mama ameshikwa na uchungu, anayepiga anataja jina la mume na kukata. Yeye atafika. Dereva mgeni, au muuguzi aliyehamia wiki iliyopita, atafikaje?

Nyumba zinazojengwa mwaka huu anaziandikisha nani? Njia iliyokufa anaifuta nani kwenye rejesta? Na bibi yule, ambaye barua zake bado zinapitia sanduku la posta la shule, ataanza lini kupokea kitu kwa anwani yake mwenyewe? Dereva anasema yuko tayari kuzunguka na mtendaji wa kijiji, kitongoji kwa kitongoji, amwonyeshe kila njia. Ila siku asiyobeba abiria nyumbani kwake hakuna chakula. Posho ya siku hizo iko katika bajeti ya nani?