Mgeni Mjini: Kutafuta Chumba Dar es Salaam

Katika somo lililopita tulimwacha mgeni wetu ndani ya basi, akitoka bara, mkoba magotini. Leo basi limefika. Tuseme ya kuwa mgeni huyo ni wewe.

Utashuka Mbezi Luis, katika kituo cha Magufuli. Kama jamaa yako aliyekuja zamani alikuambia utashuka Ubungo, hakukudanganya. Mabasi ya mikoani yalihamishwa kutoka huko mwaka 2021. Hapo kituoni watu watakuita ndugu, na wengine watakushika mzigo kabla hujawaomba. Shika mzigo wako mwenyewe, simama kando, mpigie simu mwenyeji wako. Asiye na mwenyeji heri afike mchana. Hayo yatosha, maana jambo zito la leo ni chumba.

Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilipata watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam. Wote hao wanataka mahali pa kulala, na ndiyo sababu wenye nyumba wengi huweza kudai kodi ya miezi sita mbele. Basi chukua kalamu. Tuseme chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 300,000. Dalali naye, kwa desturi ya mji, huchukua kodi ya mwezi mmoja, yaani shilingi 50,000. Jumla ni shilingi 350,000, nawe hujanunua hata ndoo ya maji. Kwa mtu aliyetoka shamba fedha hizo huenda ndizo mbuzi wa baba yake. Zikipotea, hana pa kuanzia tena.

Nazo hupotea hivi. Mtu anakuonyesha chumba kizuri, anakuambia kuna wengine watatu wanakitaka, lipa leo. Unalipa. Unaporudi na godoro lako kichwani, unawakuta wageni wawili mlangoni, kila mmoja na godoro lake, nao pia wamelipa. Aliyepokea fedha hakuwa mwenye nyumba, na simu yake haipatikani. Madalali waaminifu wapo, tena wengi, wala sikuambii uwakimbie. Lakini dalali hapewi kodi. Kodi hupewa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hujulikana kwa majirani.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata senti, nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Msalimu mwenyekiti, mwambie jina lako na utokako, kisha uliza: nyumba ile ni ya nani? Safari hiyo moja yakufaa mara mbili, maana baadaye utahitaji barua ya utambulisho kutoka ofisi hiyo hiyo, kwa kazi au kwa benki. Mgeni anayesubiri mpaka apatwe na shida ndipo ajitambulishe hujikuta akieleza mambo mawili kwa pamoja.

Sasa kitazame chumba chenyewe. Wageni wengi hutazama rangi na vigae. Wewe tazama ukutani, chini, karibu na sakafu. Ukiona mstari wa matope uliokauka, au rangi mpya iliyopakwa kimo cha goti tu, jua maji yaliingia. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, hupita katikati ya mji, hushuka Jangwani hata baharini. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, bonde hujaa. Desemba 2011 mafuriko yaliua makumi ya watu katika mji huu, na jamaa nyingi za mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Chumba cha bondeni huwa rahisi, na urahisi wake una sababu. Ukikipenda wakati wa kiangazi, kifikirie wakati wa masika.

Halafu piga hodi kwa jirani, hasa mama mtu mzima ambaye yuko nyumbani kutwa. Mwamkie shikamoo, keti kidogo, umwulize: Mama, maji ya bomba hutoka siku gani? Mita ya LUKU ni moja kwa vyumba vingapi, na wapangaji huchangaje? (Ugomvi wa nyumba za kupanga, nionavyo mimi, nusu yake ni ugomvi wa LUKU, mwenye jokofu na mwenye taa moja hawapatani.) Mwisho uliza: mpangaji aliyekuwa humu aliondoka kwa nini? Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu, ngoja asikie moyo wake. Utajua mengi.

Ukiridhika, lipa mbele ya shahidi, upewe karatasi yenye majina, kiasi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha.

Somo lijalo uje na karatasi na kalamu. Tutaandika mkataba huo pamoja, mstari kwa mstari.