Kichwa cha mufupa wa paja kinafundisha nini?

Pengine mumesikia kwamba munganga alimupasua mugonjwa ku nyonga, akatoa kichwa cha mufupa wa paja, na mufupa ule ukatumwa ku laboratware. Watu wananong'ona: "Wanabeba mifupa ya watu juu ya nini?" Inafaa kujua kweli. Mufupa ule unafundisha jambo linaloweza kuokoa muguu wa mutoto.

Kichwa cha mufupa ni nini?

Mufupa wa paja unapita mifupa yote ya mwili kwa urefu. Juu yake kuna kichwa cha mviringo kama mupira mudogo. Kinazunguka ndani ya kikombe cha mufupa wa kiuno, na kwa hiyo tunaweza kutembea na kuchutama. Muumba wetu alikifunika na kitu cheupe chenye kuteleza, kama kile unachoona ku mwisho wa mufupa wa kuku. Ndani kuna matundu madogo madogo kama eponji.

Mufupa si jiwe. Unaishi, na chakula chake kinaletwa na damu. Lakini mishipa inayopeleka damu ku kichwa hiki ni midogo sana. Ikizibwa, kichwa kinaanza kufa, hata kama mutu mwenyewe yuko muzima.

Ku laboratware wanafanya nini?

Wanatia mufupa ndani ya dawa inayoitwa formoli ili usioze. Wanaukata na musumeno na kuangalia ndani. Kisha kipande kidogo kinalowekwa ndani ya asidi siku kadhaa mpaka kilainike. Wanakikata kyembamba sana, wanakipaka rangi, wanakitazama na mikroskopu.

Wanaweza kuona haya:

1. Mufupa uliokosa damu. Chini ya kifuniko cheupe kuna sehemu ya manjano iliyokauka kama chokaa. Mara nyingi ina umbo la kabari ya kupasulia kuni. Kifuniko kimeachana na mufupa kama ganda la yai lililopasuka. Ku mikroskopu, vyumba vidogo vya mufupa ni vitupu, kama nyumba zilizohamwa.

2. Mufupa uliochakaa. Kifuniko kimeisha, mufupa unasugua mufupa mpaka unang'aa.

3. Kifua kikuu cha mifupa. Mufupa umeliwa, na kuna uchafu mweupe kama maziwa yaliyoganda.

4. Kansa, hata pahali ambapo watu walifikiri ni kuvunjika tu.

Kwa macho tu, ugonjwa mumoja unaweza kufanana na mwingine, lakini dawa zao ni mbalimbali. Mwenye kifua kikuu lazima ameze dawa miezi mingi. Kupasuliwa peke yake hakutoshi. Basi, ndugu yako akipasuliwa, usiogope kumuuliza munganga: "Jibu la laboratware lilisema nini?" Ni haki yenu kulijua.

Damu inakosekana juu ya nini?

Kwetu sababu kubwa ni ugonjwa wa SS. Damu ya mutoto wa SS inajikunja kama mundu, inakuwa ngumu, inaziba mishipa midogo. Si kulogwa, si laana ya ukoo. Mutoto aliupokea kwa baba na mama wote wawili, na mara nyingi wao wenyewe hawaugui.

Pombe nyingi pia inaharibu. Vilevile vidonge vya deksametazoni ambavyo wengine wananunua sokoni ili wanenepe. Mama, visikudanganye! Lakini kama munganga ndiye aliyekuandikia, usiviache kwa gafula, umuulize kwanza.

Mama afanye nini?

Mufupa uliokufa unaweza kubeba mwili kwa muda, halafu unabonyea. Mbele ya kubonyea, munganga ana njia ya kusaidia. Na mufupa wa mutoto ungali unakua, unaweza kujijenga tena kama haulemewi. Kwa hiyo:

– Mutoto akichechemea, hata bila kuanguka, umupeleke ku lopitalo. Usingojee.

– Akisema goti linauma na goti halina kitu, umwambie munganga apime na nyonga. Maumivu ya nyonga yanashuka mara nyingi mpaka ku goti.

– Usimukande kwa nguvu, usimuchanje na wembe, usimulazimishe kutembea. Umubebe.

– Picha ya kwanza ya rediyo ikiwa nzuri lakini maumivu yanabaki, rudi tena. Mwanzoni picha inaweza isionyeshe kitu.

– Mutoto wa SS akiwa na homa, umulete siku ileile. Pengine ni vidudu vimeingia ndani ya mufupa.

– Kila siku anywe maji mengi, asipatwe na baridi, na ashike siku zake za kliniki.

Kichwa kilichobonyea, pengine munganga atalazimika kukitoa na kuweka cha chuma, na kazi ile haifanyiki ku kila lopitalo. Mama anayeleta mutoto mapema anamusaidia kutembea na muguu wake mwenyewe.